Simu Ilie kwa Anayekuhitaji: Kupunguza Mzigo wa Arifa Bila Kukosa Mteja Wala Matanga

Nilikata mkono wa gauni ukawa mfupi kwa inchi mbili. Kitenge kilikuwa cha mteja, sehemu ya sare ya dada wanne waliokuwa wakijiandaa kwa harusi, na pale soko la Kibuye kitambaa cha maua yale kilikuwa kimekwisha. Simu ilikuwa mezani kando ya futi ya kupimia, na wala sikuigusa. Ilitetemeka tu. Ikatetemeka tena, kisha mara ya tatu, nami nikabaki najiuliza ni nani na anataka nini, huku mkasi unakwenda. Nilipozinduka, mstari wa chaki ulikuwa huku na mkasi uko kule.

Nilinunua kitambaa cha rangi moja kwa pesa zangu, nikaongeza pindo pana kwenye mikono ya magauni yote manne ili yafanane. Dada wale waliyapenda. Lakini mimi sikupata amani. Jioni nilizisoma zile arifa tatu, zote za kundi la mchango wa matanga: watu watatu wakimpa pole mtu mmoja. Hakuna aliyekuwa akinihitaji saa ile.

Baadaye nilijua kwamba jambo hilo limeshapimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walichapisha jaribio ambamo watu walipewa kazi ya kutaka umakini, kisha simu zao zikalia au kutetemeka bila wao kuzishika. Makosa yao yaliongezeka kwa kiasi kinachokaribia cha mtu anayeitumia simu kabisa. Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba "mimi huwa siishiki simu nikiwa kazini, nasikia tu inalia" bado analipa.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru, watu ambao simu kwao ndiyo duka, ndiyo benki, ndiyo njia ya kujua kama mama kule nyumbani ameamka salama. Mashauri mengi ya kutuliza akili humwambia mtu azime simu wikendi nzima. Kwa hapa kwetu hilo halishikiki, na hata kwingine lina walakini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watumiaji wa simu nchini India, ulilinganisha watu waliopata arifa ovyo kama kawaida, waliozipata kwa mafungu mara tatu kwa siku, na waliozimiwa kabisa. Waliozipata mara tatu walikuwa watulivu na makini zaidi. Waliozimiwa kabisa walipata wasiwasi, kwa hofu ya kupitwa. Nilipolijua hilo niliacha kujilaumu kwa kushindwa kuzima simu, nikaanza kutafuta namna ya kuipangia.

Hatua ya kwanza: andika kwa siku mbili

Usibadilishe chochote bado. Chukua daftari, au hata karatasi ya kukatia ramani ya nguo kama mimi, na kila simu inapolia au kutetemeka andika mambo mawili: ni nani, na je, lingeweza kusubiri hadi jioni? Weka alama ya mkato tu, usiandike hadithi. Siku ya pili kwangu karatasi ilijaa pande zote mbili. Yale yasiyoweza kusubiri yalikuwa manne kwa siku hizo mbili, na yote manne yalikuja kwa kupigiwa simu. Hakuna hata moja lililokuja kwa kundi.

Simu nyingi za Android, na iPhone pia, zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umetumia saa ngapi, umefungua kioo mara ngapi na ni programu gani imekuletea arifa nyingi zaidi. Iangalie, lakini karatasi usiiache. Simu itakuambia idadi. Karatasi itakuambia ni nani, na hapo ndipo utagundua kwamba kinachokuchosha hasa ni ile hali ya kudaiwa jibu na watu mia kwa wakati mmoja.

Hatua ya pili: la dharura lipigiwe simu

Hii ndiyo hatua inayobeba zote, na inafanywa na mdomo kabla ya kufanywa na kidole. Waambie watu wako wa karibu kwamba kuanzia sasa, jambo la haraka wapige. Ujumbe utausoma kwa saa zake. Mimi nilimwambia mama kwa sauti, nikamwambia mama mkwe kwa adabu zote nilipoenda kumwona, na wengine nikawaandikia hivi:

"Habari zenu. Mchana nikiwa kwa mashine sisomi jumbe. Jambo la haraka tafadhali nipigie, na nisiposhika piga tena mara ya pili papo hapo, nitajua ni la muhimu. Yale mengine nitayasoma saa nne, saa saba na nusu na saa kumi na moja. Asanteni."

Sababu ya "piga tena mara ya pili" ni hii: kwenye Android kuna mpangilio unaoitwa Usinisumbue, wenye alama ya duara lenye kistari katikati. Ukiuwasha, simu hunyamaza, lakini waweza kuiruhusu ipitishe watu uliowawekea nyota kwenye orodha ya majina, pamoja na yeyote anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Wape nyota watu wachache mno. Mimi nina saba: mume wangu, watoto wawili, mama, mama mkwe, mwalimu wa darasa wa yule mdogo, na jirani anayebaki na ufunguo wa nyumba.

Kuna jambo ambalo waandishi wa mbali hawalijui. Mzazi kule nyumbani mara nyingi hana salio. Atakutumia ule ujumbe wa bure wa kuomba umpigie, au atakubipu mara moja akate. Kwa hiyo ndani ya Usinisumbue, ruhusu pia ujumbe mfupi wa kawaida kutoka kwa wale wa nyota, usiruhusu simu peke yake. Na mtu akikubipu mara moja, mrudie unapomaliza mshono ulio mkononi. Usimkasirikie mzee kwa kubipu. Ndiyo lugha yake ya simu.

Mwenye uwezo wa kununua kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe ya bei ndogo, na aiweke laini moja humo. Laini hiyo wapewe watu wa nyota tu. Watu wengi mjini tayari wana laini mbili, kinachokosekana ni kuzigawia kazi.

Hatua ya tatu: zima data, usizime simu

Ninaipenda hatua hii kwa sababu haihitaji simu ya bei. Data ikizimwa, kupigiwa kunaendelea, ujumbe mfupi unaingia na ule wa M-Pesa unaingia. Kinachonyamaza ni WhatsApp, Facebook, TikTok na ndugu zao. Bando nalo linadumu. Kidole kimoja kwenye alama ya mishale miwili, na nusu ya kelele imekwisha.

Ina upungufu mmoja: ndugu aliye ng'ambo anayepiga kwa WhatsApp hatakupata. Mwambie saa zako, au mpe namba ya kupiga kawaida akiwa na dharura.

Hatua ya nne: safisha ujumbe mfupi

Sauti ya M-Pesa iache, na ipe mlio wake wa peke yake, usiofanana na mwingine wowote. Hapo utaijua pesa yako bila kuangalia kioo. Zile jumbe za matangazo, za bahati nasibu na za kamari, nyingi huandikwa msimbo wa kujitoa mwishoni. Kwa laini za Safaricom huwa ni *456*9*5#. Upige, chagua aliyekutumia, jitoe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kukataa data yako kutumiwa kwa matangazo, kwa hiyo huombi hisani.

Ukisumbuliwa kwa mkopo wa mtu mwingine eti kwa kuwa namba yako imo kwenye simu yake, jua kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwafuata watu wa kwenye orodha ya majina ya mkopaji. Hifadhi picha ya ujumbe na umlalamikie Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kitu kingine cha kuangalia hapa ni haraka. Walaghai wa "nimekutumia pesa kwa makosa, tafadhali nirudishie" huwinda mtu ambaye simu yake inalia kila dakika na anajibu bila kusoma. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, hauji kwa namba ya mtu. Piga *334# uangalie salio kabla ya kumrudishia yeyote hata shilingi.

Hatua ya tano: makundi, na hasa makundi ya matanga

Hapa ndipo mzigo ulipo, na hapa nitakaa.

Nilikuwa kwenye makundi 21. Kanisa, jumuiya, chama, wazazi wa darasa la kila mtoto, mafundi wa Kibuye, ukoo wa baba, ukoo wa mama, ukoo wa mume, wasichana tuliosoma pamoja, na matanga kumi na moja. Kumi na moja! Watu tisa kati ya hao walikuwa wameshazikwa zamani, lakini kundi lilikuwa bado liko hai, watu wakiuziana mashamba na kurushiana video za wanasiasa chini ya picha ya marehemu. Hilo lilinihuzunisha kuliko kelele yenyewe.

Huku kwetu magharibi mazishi ni kazi ya watu wengi. Kuna gharama za mochari, gari, jeneza, chakula cha siku kadhaa, hema na viti, na familia moja haiwezi kuyabeba peke yake. Kundi hufunguliwa siku ile ile, na kundi moja la WhatsApp laweza kubeba watu 1,024. Kisha inakuja orodha. Kila anayetoa ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini na kuirusha tena. Wawili wakinakili kwa pamoja, jina la mmoja linapotea, naye anaandika kwa uchungu, na watu kumi wanamtuliza. Ukiwa na simu yenye sauti, siku tano za matanga zinakumaliza hata kama hukumjua marehemu.

Sisemi mtu aache kuchanga. Nasema mchango wako ni pesa, miguu na sauti yako, haumo katika kusoma orodha mara arobaini. Ninachofanya siku hizi ni hiki. Nikiongezwa kwenye kundi la matanga, ninafungua mara moja, ninasoma tarehe, mahali pa mkutano wa jioni na namba ya kuchangia. Ninaziandika kwenye daftari. Nikiwa na kitu ninakituma siku hiyo hiyo, kabla hakijapata kazi nyingine. Kisha ninampigia mfiwa simu, dakika tatu, ninamwacha aseme. Pole iliyosikika kwa sauti hukaa. Baada ya hapo ninalihifadhi kundi pembeni hadi siku ya kusafiri.

Kuhifadhi pembeni ni rahisi. Bonyeza jina la kundi na ushikilie, juu itatokea alama ya kisanduku chenye mshale wa kushuka, iguse. Kundi litatoka machoni na litabaki huko hata ujumbe mpya ukiingia. Mtu akikutaja kwa jina, au akijibu neno ulilosema wewe, bado utaarifiwa, kwa hiyo hutaonekana umepuuza. Ukitaka kundi libaki mbele bila sauti, gusa alama ya kengele au spika iliyokatwa. Utaulizwa kwa muda gani: saa 8, wiki moja au daima. Chagua daima. Saa 8 ni kujidanganya.

Mazishi yakiisha, shukuru na utoke. Tangu mwaka 2022 ukitoka kwenye kundi la WhatsApp, wanaoarifiwa ni wasimamizi peke yao. Hakuna tena tangazo mbele ya wote kwamba fulani ametoka. Kama bado unaona haya, andika: "Asanteni sana kwa kumsindikiza ndugu yetu. Mungu aiweke familia. Kwa kuwa kazi ya kundi hili imekamilika, ninatoka kwa heshima." Niliandika hivyo kwenye matanga yale tisa. Kwenye matatu kati yake wengine walinifuata siku hiyo hiyo, na kwenye moja msimamizi alilifunga kabisa.

Kisha funga mlango. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, kuna mahali pa kuchagua nani anaweza kukuongeza kwenye kundi. Weka watu walio kwenye orodha yako tu. Mwingine akitaka kukuongeza atalazimika kukutumia mwaliko, nawe utaamua.

Ukiacha ya matanga, makundi yaliyobaki nilihesabu nikapata kumi. La wazazi wa darasa ninaliacha na sauti wakati wa kufungua na kufunga shule, baada ya hapo linanyamaza, maana mwalimu akiwa na jambo la mtoto wangu atapiga. Chama lina sauti siku ya mkutano. Mafundi wa Kibuye halina sauti kamwe, kwani tunaonana kila siku.

Na sasa neno kwa wasimamizi, maana mimi mwenyewe ni mweka hazina wa chama na nimeshakuwa mweka hazina wa matanga mawili. Kelele hiyo tunaitengeneza sisi na tunaweza kuipunguza. Matanga ya mwisho niliyoshika hesabu, nililiweka kundi katika hali ya wasimamizi pekee kuandika. Mtu akituma pesa, ninamwandikia kando kwamba imefika. Orodha niliituma mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa mbili usiku, ikiwa imepangwa na jumla iko chini. Nilifungua kundi la pili dogo la kamati, watu tisa, kwa mabishano yote ya gari na chakula. Wazee wawili walilalamika siku ya kwanza kwamba watu hawawezi kutoa pole, tukakubaliana kundi lifunguliwe kwa wote kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Hakuna jina lililopotea kwenye orodha. Mjane aliniambia baadaye kwamba aliweza kulala.

Hatua ya sita: nyakati tatu za kusoma

Wavuvi wa ndoana pale ufuo wa Dunga hawajui samaki atauma saa ngapi, na ndiyo maana hawaondoi macho kwenye uzi. Angejua kwamba samaki huuma saa kumi kamili, mvuvi angekwenda zake akarudi saa kumi. Simu inatushika kwa njia ile ile. Mara nyingi hakuna kitu, mara moja kuna oda ya sare ishirini, na kwa sababu hujui ni lini, unachungulia kila wakati. Dawa ni kuipa simu saa zinazojulikana, ili mwili uache kungoja.

Zangu ni saa nne asubuhi nikishamaliza kukata, saa saba na nusu nikila, na saa kumi na moja kabla ya kufunga. Kila moja dakika ishirini. Ninawasha data, ninasubiri mvua ya jumbe inyeshe yote ndio nianze kusoma, wateja kwanza, jamaa pili, makundi mwisho. Dakika ishirini zikiisha ninazima.

Kwa mwenye biashara, hofu ni wateja, na ni hofu ya haki. WhatsApp Business ni ya bure na ina ujumbe wa kujijibu wenyewe kwa saa unazopanga. Wangu unasema: "Karibu. Niko kwa mashine sasa hivi. Tuma picha ya mshono, kitambaa ulicho nacho na siku unayoihitaji. Nitakujibu kabla ya saa kumi na moja leo. Ukiwa na haraka piga simu." Ujumbe huo ulifanya kazi ambayo sikuitarajia: watu walianza kutuma vipimo na picha zote kwa pamoja badala ya "hi" na kusubiri. Mteja mmoja aliudhika akaenda kwa fundi mwingine, na ilinigharimu. Lakini yule anayesimama kibandani ameshika kitambaa mkononi sasa namtazama machoni, simwachi katikati ya kipimo nikamjibu mtu ambaye anauliza bei tu. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walisema, na kwenye biashara ndogo ni kweli kabisa.

Hatua ya saba: habari na video

Raila Odinga alipofariki kule India tarehe 15 Oktoba 2025, Kisumu yote iliingia kwenye simu. Nilitazama video zile zile hadi saa nane usiku, siku baada ya siku, mpaka alipozikwa Bondo tarehe 19. Sijutii huzuni ile, ilikuwa yetu. Ninachojutia ni kwamba nilihuzunika peke yangu kitandani na kioo cha simu, ilhali nje jirani zangu walikuwa wameketi pamoja wakikumbushana.

Tangu hapo habari kubwa ninaipokea mara mbili: taarifa ya redio asubuhi nikiwasha pasi, na taarifa ya jioni tukiwa wote sebuleni. Programu za habari nimeziondolea ruhusa ya arifa. Android kuanzia toleo la 13 huziomba programu mpya zikuulize kwanza kabla ya kukutumia arifa. Jibu liwe hapana, labda iwe ni ya pesa au ya watu. Kwa programu za zamani, arifa ikitokea ishikilie kwa kidole, utaletewa nafasi ya kuizima hapo hapo. Kwa wiki moja ya kuzima kila inayojitokeza, utakuwa umemaliza.

Hali za WhatsApp (status) nazo: shikilia jina la mtu anayekuletea kijicho au hasira, uinyamazishe hali yake. Hatajua.

Hatua ya nane: usiku

Simu inachajiwa sebuleni. Saa ya kuamshia nilinunua ya betri, na kabambe ya watu wa nyota ndiyo inayolala chumbani. Basi.

Wiki ya kwanza itakuwaje

Mkono utaenda mfukoni wenyewe. Utahisi paja linatetemeka na simu iko mezani. Ni jambo linalowapata wengi, linapungua. Siku ya tatu nilipata wasiwasi hadi nikafikiri nimekosea, kwa hiyo nilitoka nikatembea hadi ziwani bila simu, nikakaa mpaka giza lilipoingia na taa za wavuvi wa omena zikaanza kuwaka majini moja moja. Nilirudi nyumbani saa mbili usiku. Jumbe zilikuwa 86, na hakuna aliyepiga.

Atatokea pia jamaa wa kusema siku hizi unajiona. Kwangu alikuwa shemeji. Usimjibu kwa ujumbe. Mpigie, muulize hali ya watoto, mwambie kwamba namba yako iko wazi kwake saa yoyote akipiga. Nilifanya hivyo, na siku hizi yeye ndiye anayenipigia zaidi.

Lakini ikiwa umepanga yote haya na bado hulali, moyo unakwenda mbio bila sababu, chakula hakipiti au unaona maisha hayana maana, hilo limeshapita mambo ya simu. Nenda hospitali iliyo karibu uulize mshauri, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uzungumze na mtu.

Na siku utakapobadilisha simu, mipangilio mingi haitahama nawe. Kabla ya kuweka laini kwenye simu mpya, andika kwenye daftari watu wako wa nyota na saa zako tatu. Weka nyota kwanza, washa Usinisumbue, halafu ndio ufungue WhatsApp.